Shati la Baba Lisilofuliwa

Mama yangu alikuwa dobi, na hakuweza kuona uchafu akauacha. Alifua mapazia ya watu, mashuka ya nyumba za wageni, na mkoba wangu wa shule vitabu vikiwa ndani nisipouwahi. Kitu kimoja tu nyumbani kilikuwa hakijui maji: shati la kazini la baba, lililokaa chini kabisa ndani ya sanduku. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Siku nyingine mama alifungua sanduku, akainamisha uso ndani, akalifunga. Mimi nilijifanya sioni.

Mbuzi wetu alizaa mchana mmoja, mvua imeshika kasi. Mtoto alitoka mdogo, ameloa utelezi, hata kichwa hawezi kuinua. Mbuzi mwenyewe alikuwa hajamlamba vizuri, mama akamnyakua, akamtia kwenye beseni la maji ya vuguvugu na kumsugua kwa sabuni ya manukato. Alipomrudisha bandani, mtoto ananukia kama bibi harusi. Mbuzi akamnusa, akampiga kichwa, akaenda zake pembeni.

"Wewe! Unamkataa mwanao?" mama alifoka.

Jirani yetu mkunga akachungulia juu ya ukuta. "Dada, usiniambie umemfua."

"Si alikuwa mchafu!"

"Mbuzi anamjua mwanawe kwa harufu, dada. Umeshaitoa yote."

Mama aliinama. Akamchukua yule mtoto, akaingia naye ndani.

Mtoto alikuwa anatetemeka, mdomo baridi. Tulihitaji nguo kavu, na nguo zilijaa hadi kwenye viti, lakini zote za wateja. Nguo ya mteja kwetu haikuguswa hata nyumba ingeungua. Zetu, kama kawaida ya nyumba ya dobi, zilikuwa za mwisho kwenye foleni, bado zinachuruzika. Mama alizunguka chumba mara mbili, kisha akapiga magoti mbele ya sanduku.

"Mama, hilo la baba!"

"Najua la nani."

Akamfunga ndani ya shati, mikono akaizungushia tumboni. Mkunga alileta chupa ya mtoto yenye chuchu. Nilimshika mbuzi pembe, mama akamkamua yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano, nasi tukarudi mbio ndani. Mtoto hakunyonya. Maziwa yalimtiririka kidevuni na kulowesha kola ya baba.

"Usimwinue kichwa sana, yatampalia," mama aliniambia. Alichovya kidole kwenye maziwa, akamtia mdomoni, akamkuna chini ya mkia kama mbuzi anavyofanya kwa ulimi. "Nyonya, baba. Nyonya basi. Mimi ndiye niliyekukosesha mama, usinifanyie hivi."

Nilikuwa sijamsikia mama akimwomba mtu. Nililia, na sikujua namlilia nani.

Kidole kilivutwa. Kisha chuchu. Kisha mkia ukaanza kucheza ndani ya shati, tap tap tap, na mkunga akapiga kigelegele. Yule bwana mdogo alimaliza chupa, akashukuru kwa kukojoa.

Aliishi. Alilalia lile shati mpaka akaota pembe, na akawa akimfuata mama kwenye kamba za nguo akitafuna pindo za mashuka ya watu. Alipohamia bandani, mama aliliokota shati, akalinusa kwa muda mrefu. Nilidhani atalitia kwenye beseni.

"Mbuzi mtupu," alisema, akacheka mpaka akafuta macho. "Baba yako angenikomesha." Akalikunja vilevile, akalirudisha sandukuni.

Mama naye ametutoka sasa. Harufu ya baba mwenyewe siikumbuki. Nilikuwa mdogo mno. Kila nilipofungua lile sanduku kumtafuta, nilikutana na mbuzi. Ndiyo maana watu wanapopita kwenye mabanda ya mbuzi wakiziba pua, mimi husimama, nikavuta pumzi, nikamwamkia baba.