Mwanaanga na Ng'ombe Wawili wa Kasense

Adriano wa Kasense alikuwa na ng'ombe mmoja wa kulimia, na kaka yake Isdori alikuwa na mmoja. Ukitaka kuuona ugomvi wa ndugu kwa macho, ndio huo. Plau hukokotwa na ng'ombe wawili chini ya nira moja. Mmoja peke yake ni wa kutazama tu. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza, mahindi ya majirani yameshachomoza, na hawa mabwana, watu wazima wenye wajukuu, kila mmoja kajifungia kwake na ng'ombe wake anacheua.

Ng'ombe hao walinunuliwa pamoja na kufundishwa pamoja. Wa Adriano aliitwa Diwani, wa Isdori aliitwa Katibu. Mpango wa kazi haukuwahi kubadilika: Isdori, mkubwa, anashika plau nyuma, Adriano, mdogo, anashika kamba mbele. Sasa kushika kamba mbele, kila mtu Kasense anajua, ni kazi ya watoto. Adriano ana miaka arobaini na saba. Alivumilia, mpaka msimu uliopita plau ilipokwenda upande ikaingia kwenye maharage ya jirani yao Christopha, ikazoa mistari miwili mizima, na Isdori akamfokea mdogo wake mbele ya watu: "Hata hawa ng'ombe wanakuzidi akili!"

Adriano alifungua nira, akamchukua Diwani, akaenda zake. Toka siku hiyo walisalimiana kanisani tu, na hapo kwa sababu padri anatazama.

Mwaka huu alijaribu ujanja. Aliazima ng'ombe kwa shemeji yake wa Milepa, ng'ombe mnene, mpole, wa kutamanisha. Asichouliza ni ng'ombe huyo kazoea upande gani. Diwani tangu afundishwe anatembea kulia. Mgeni naye, kulia. Jamani, asubuhi ile! Walizungukana, wakasukumana, kila mmoja anadai nafasi yake, plau imelala ubavu na Adriano naye kalala ubavu. Mke wake, Dominika, alikuwa pembeni analima kwa jembe la mkono. Alikaa chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

"Mama Edith, hili si la kucheka," alisema Adriano, tope mpaka masikioni.

"Sicheki, baba Edith. Napumzika."

Wiki hiyohiyo Edith, binti yao wa kidato cha tatu, alileta barua kutoka shuleni mjini. Wazazi wanaalikwa kumsikiliza mwanaanga kutoka Kanada.

"Mwanaanga ndiyo nini?" aliuliza Adriano.

"Mtu aliyekwenda kuishi angani, baba."

"Akalime nini huko?"

Alikwenda. Mtu asiye na nira ana shughuli gani nyingine? Alitarajia kuona jitu la kutisha, akakuta mama mfupi mwenye mvi, kajikunyata ndani ya sweta kwa baridi ya Sumbawanga. Mwalimu Azizi wa fizikia alitafsiri. Yule mama alisema aliishi huko juu miezi sita na wenzake watano, mahali usipoweza kununa ukatoka nje, kwa sababu nje hakuna hewa. Hapo Adriano aliguna kwa sauti. Yeye alikuwa amenuna mwaka mzima na hewa ilimtosha.

Kipindi cha maswali kilipofika, alinyoosha mkono kabla ya wanafunzi.

"Shikamoo mama. Mimi nauliza, usukani alishika nani?"

Ukumbi ukacheka. Mwanaanga naye alicheka, lakini alijibu vizuri. Usukani hakushika yeye. Kazi yake ilikuwa kumsomea rubani kwa sauti orodha ya hatua za kuendesha chombo, na choo kikiharibika, kukitengeneza. Kilikuwa kikiharibika sana. Mwanzoni aliona uchungu, msomi mzima, mpaka alipoelewa kwamba siku asiposoma orodha hakuna anayefika nyumbani. Kisha akawataka washike mambo matatu. Kinyongo kitolewe siku ileile. Kila kiti ni kazi, hakuna kiti cha kudharau. Na usichoweza au usichokiona, kiseme kwa sauti kabla chombo hakijaondoka, kwa maana anayeficha ataua wenzake.

Adriano alirudi Kasense anang'aa. Masomo matatu, na yote matatu, kwa hesabu zake, yalikuwa ya Isdori.

"Kinyongo, Isdori. Kudharau kiti cha mwenzake, Isdori," alimwambia mke wake. "La tatu sijui aliweka la nini, lakini nalo litakuwa lake."

"Masikini," alisema Dominika. "Yaani mtu ametoka angani mpaka hapa, na wewe hakukuletea hata moja?"

Asubuhi alishika njia kwenda kwa kaka yake kumfikishia salamu za angani. Diwani alikuwa nyuma yake, kafungwa kamba.

"Na huyo anakwenda kusikiliza somo?" Dominika alimwuliza kutoka jikoni.

"Anakwenda kutembea," alijibu Adriano bila kugeuka.

Isdori alikuwa kibarazani, anapukuchua mahindi ya mbegu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nani huyo! Hatua kumi tu, mchana kweupe! Almanusura Adriano ageuze ng'ombe arudi. Anajifanya hanijui, alijisemea. Lakini somo lilikuwa linamwasha kifuani, akalianza palepale uani, kasimama wima, mkono mmoja kiunoni. Alieleza kinyongo. "Mm," alisema Isdori, anapukuchua. Alieleza kiti. "Mm." Alieleza la tatu, lile ambalo mwenyewe hakulitilia maanani, alilisema ili tu hesabu itimie.

Mikono ya Isdori ikasimama.

"Alisema hivyo? Kwamba anayeficha ataua wenzake?"

"Kwa mdomo wake. Mwalimu Azizi akatafsiri."

Isdori aliweka gunzi chini. Alizoa punje zilizomwagika kibarazani, moja moja.

"Yale maharage ya Christopha sikuyaona," alisema hatimaye.

"Hukuyaona vipi, kaka? Yalikuwa yamechanua!"

"Sikuyaona. Huu mwaka wa tatu sasa, mbali naona ukungu. Ng'ombe nawaona. Mwisho wa shamba siuoni. Msimu ule na uliotangulia nililima nafuata mgongo wako, Adriano. Siku ile ulihama pembeni kidogo, nadhani ulikuwa unakwepa siafu, mgongo ukanipotea, nikaenda nisikokujua. Watu wakaja mbio. Nikakufokea wewe ili wasinitazame mimi."

Adriano alikasirika. Mwaka mzima kaitwa mjinga kwa kosa la mtu mwingine! Halafu akamtazama kaka yake, macho yake yamekazwa kuelekea pale sauti ilipotoka, na hasira ikamwishia, akaona huruma, na nyuma ya huruma akaona aibu. Yeye alidhani kule mbele amewekwa kama mtoto.

"Basi plau nishike mimi," alisema haraka, "na wewe kaka ushike…"

Asiyeona mwisho wa shamba atawaongoza ng'ombe kwenda wapi? Ile plau aliyoitamani nusu ya maisha yake ilimponyoka palepale, wakati kaka mwenyewe angempa kwa moyo mmoja.

"Tukimaliza kupanda nakupeleka hospitali ya macho," alisema.

"Tutakwenda. Ila Adriano," Isdori alisita, "kesho vaa shati jeupe. Hayo ya khaki yananipotea kwenye udongo."

Shati jeupe alikuwa nalo moja, la Misa. Dominika alipomwona analivaa alfajiri alishika kichwa.

"Baba Edith! Unakwenda kulima na shati la Misa?"

"Ndiyo."

"Huyo mwanaanga wako kakuroga."

Lakini alipoelezwa sababu, alimfunga vifungo mwenyewe.

Diwani alisimama kulia, Katibu kushoto, wakaingia nirani bila ubishi. Mpaka jua linapanda, nusu ya shamba ilikuwa imegeuzwa, mistari imenyooka, na shati lilikuwa na tope mpaka kwenye kola. Christopha alipita njiani na baiskeli, akasimama, akaegemea usukani. Nafasi kama hiyo mtu haachi.

"Adriano! Ubatizo leo, au unaoa wa pili?"

Siri haikuwa ya Adriano kuitoa. Alivuta kamba, akatazama mbele, masikio yanawaka moto, amejiandaa kuchekwa hadi Pasaka.

Nyuma yake plau ikasimama.

"Christopha," Isdori aliita, kwa sauti ileile kubwa ya kufokea, mashamba yote ya jirani yakasikia. "Mimi sioni mbali. Namfuata huyo."

Christopha alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia. Adriano hakugeuka nyuma. Alinyoosha mgongo wake vizuri, akavuta kamba.