Kahawa ya Tatu

Kaka yangu Fahrudin ni fundi shaba wa miaka sitini na kitu, na anaongea na kila mtu Sarajevo isipokuwa mwanamke anayempenda. Huyo ni Behija, mjane anayeimba nyimbo za mapenzi za kale katika kwaya ya mtaa wa Bistrik. Jumatatu alikuwa ahamie Graz, Austria, kwa binti yake, moja kwa moja.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia Fahrudin Jumamosi asubuhi. "Leo useme, la sivyo uzeeke na masufuria yako."

Akamtembeza Behija mjini. Waliona maonyesho ya picha ng'ambo ya mto, wakapekua vitabu vikuukuu, wakasimama kwenye ua mmoja kusikiliza vijana wakifanya mazoezi ya fidla. Alasiri wakapanda mtaa wa Kovači hadi kwenye mkahawa wangu. Nilimvuta Fahrudin kando.

"Umesema?"

"Tumezungumzia picha, Zumreta."

"Picha ndizo zinazohamia Graz?"

Nikawapelekea kahawa ya kwanza, ya kumkaribisha mgeni. Wakazungumzia mvua. Nikawapelekea ya pili, ya mazungumzo. Wakazungumzia mvua ya mwaka jana. Moyo uliniuma, lakini nina wateja, siwezi kukaa namsukuma mzee kama punda.

Nilipogeuka, Fahrudin alikuwa anatoka jikoni kwangu na sinia, juu yake buli la kahawa aliyoipika mwenyewe. Akaliweka mbele ya Behija, anatabasamu. Maskini, hakuhesabu vikombe, alidhani anajiongezea muda. Kwetu kahawa ya tatu mwenyeji humletea mgeni aliyemchosha, na mgeni mwenye adabu hangoji ipoe.

Behija alilitazama lile buli. Akafunga vifungo vya koti lake, polepole.

"Ahsante, bwana Fahrudin. Nimeelewa."

Akatoka. Kaka yangu akabaki ameshika sinia.

"Nimemuudhi nini?"

"Umempa ya tatu, zuzu wewe. Kwa mkono wako mwenyewe."

Rangi ilimtoka. Akatupa sinia akakimbia, na magoti yake yale mabovu, akiteremka kwenye mawe yenye utelezi. Nilisimama mlangoni naogopa atavunjika mguu. Alimfikia penye kisima cha mtaa, na mtu ambaye miaka yote hii hakuthubutu kunong'ona akapaza sauti mpaka wauza mazulia wakatoka kuangalia.

"Sikutaka uondoke, Behija. Nimekosa maneno, ndiyo maana nikaleta kahawa. Usiende Graz. Kaa na mimi."

Behija alimpita, akaupanda mlima, akanipita na mimi mlangoni bila hata kunisalimu, akaingia jikoni kwangu kama kwake. Nikasikia maji yakichemka. Fahrudin alirudi anahema, akaketi, hajui kama amepata au amekosa.

Behija akatoka na buli jipya, akamimina kikombe kimoja, akakiweka mbele ya Fahrudin.

"Hii ni ya kwanza," akasema. "Leo mwenyeji ni mimi."

Fahrudin alichovya kipande cha sukari kwenye kahawa. "Na ya pili?"

"Ya pili tutazungumza, na si habari za mvua. Ya tatu mimi sijui kuipika."

Nilijifuta machozi kwa kitambaa cha vyombo. Kisha nikachungulia jikoni.

"Wifi," nikamwambia, "jiko langu umeliacha linawaka."