Honi Ilishalia

Haraka haraka ina baraka, asikudanganye mtu. Binti fundi alichomoka chini ya lori kama panya aliyemwagiwa maji ya moto, spana mkononi, akasimama getini mbele ya gari la shule.

"Zima, mzee wangu! Zima!"

Dereva akachungulia dirishani. "Kuna nini, mwanangu? Honi si imeshalia?"

Ilishalia kweli. Katika gereji ya mjomba wake, fundi mkuu, yaani mjomba mwenyewe, akikanyaga pedali ya breki mara tatu na kupiga honi, kazi imekwisha. Hakuna mkono unaorudi kwenye gari hilo. Sheria hiyo ilikuwepo kabla binti hajazaliwa.

"Profesa wa chuo cha ufundi, pisha njia!" mjomba alicheka, akijifuta grisi. "Pedi za breki nimefunga mwenyewe. Zinashika kama kupe."

"Za mbele, Mjomba! Mbele kuna diski, pedi zinaibana huku na huku. Nyuma ni ngoma, viatu vya breki vinatanuka kwa ndani kuikaza. Nilipokuwa chini ya lori niliona gurudumu lako la nyuma linachuruzika mafuta ya breki. Ngoma umezifungua?"

"Breki ni breki. Gari linasimama."

"Likienda, za mbele zinalibeba. Likiegeshwa je? Breki ya mkono inavuta za nyuma tu!" Akamgeukia dereva. "Asubuhi unaegesha wapi?"

"Kilimani, mlangoni pa shule."

"Nipe dakika moja."

Dereva akashuka, akampisha. Binti akalipandisha gari kwenye mteremko wa zege wa kuoshea magari, akahakikisha nyuma hakuna mtu, ila rundo la matairi chakavu. Akavuta breki ya mkono hadi mwisho, akatoa gia, akashuka.

Gari likatulia.

"Haya, limesimama!" mjomba akapiga makofi. "Vyuo hivi vitatupote…"

Gari likasogea. Kidogo, kama mtu anayetoroka mkutanoni. Kisha likashika kasi, likarudi nyuma, puu! Likazama kwenye matairi, bampa ikapinda.

Dereva akaketi juu ya sanduku la spana.

"Watoto wanashukia mlango wa nyuma," akasema.

Binti alikuwa ameshaweka jeki. Alipoivuta ngoma, viatu vilitoka vimelowa tepetepe, vinang'aa kwa mafuta. Akaviinua juu kama mshindi wa kombe. Furaha ilimjaa mpaka masikioni.

Mjomba alivigusa, akanusa kidole. Kisha akakumbuka kwamba ana cheo.

"Umefungua gari ambalo nimelipigia honi. Umepinda bampa ya mteja. Niombe radhi, hapa hapa, mbele ya watu."

Binti alishaingiza kichwa chini ya gari.

"Bampa nitainyoosha, Mjomba. Radhi siombi."