Mkono wa Harub

Ghaliya alifika kwa Bi Bakhita, mtaa wa Khuwair ya Kusini, akakuta sinia imeshaandaliwa: sambusa, halua, birika la kahawa. Kazi yake ni kufukua makaburi ya vita na kuwatafutia majina waliozikwa humo. Safari hii alitoka Burundi, na alikuja kuchukua mate ya ndugu, yapimwe pamoja na mifupa.

"Mate kwanza, Bi Bakhita, chakula baadaye."

"Makubwa! Mgeni anatunyima chakula chetu wenyewe."

Lakini alipanua kinywa, kijiti cha pamba kikapita shavuni. Mdogo wake, Mzee Yaqoob, akafuata, uso ameukunja.

Walikuwa wakimtafuta kaka yao Harub, aliyetoka Bujumbura mwaka wa tisini na tatu kwenda Gitega kuchukua mchele, vita vikamkuta njiani.

"Aliwahi kuvunjika mfupa?" Ghaliya aliuliza.

"Mkono wa kulia," alisema Bi Bakhita.

"Wa kushoto!"

"Wewe Yaqoob ulikuwa mtoto, unajua nini?"

"Mimi ndiye niliyepiga huo mpira!"

Mzee akainuka, akaufanya mlango kuwa goli, akajirusha ubavu kwenye mito ya sebuleni, kama Harub siku ile. Aliangukia mkono wa kushoto. Bi Bakhita alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio.

"Wallahi, wa kushoto. Ule wa kulia alikuwa akinisukuma nao nisimwone analia."

Ghaliya alishauona mkono kama huo kule Burundi, mfupa uliovunjika ukaunga. Lakini mifupa iliyounga ni mingi. Akaomba sambusa, apate pa kuinamisha uso.

Majibu ya maabara yalipotoka hakupiga simu, alikwenda mwenyewe.

"Ni yeye."

Mzee Yaqoob akasoma Inna lillahi. Bi Bakhita akauliza, "Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Walikuwa wengi."

"Alhamdulillahi. Harub hakuweza kukaa peke yake hata chooni, lazima azungumze na mtu."

Wakacheka wote watatu, huku wanalia.

Harub alizikwa Bujumbura baada ya swala ya Ijumaa. Mzee Yaqoob alishuka kaburini mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Bi Bakhita alikaa na wanawake nyumbani kwa binamu yao, akipokea rambirambi alizozingoja miaka thelathini. Walipoondoka wageni akampigia Ghaliya.

"Tushamzika, mwanangu. Nna furaha, wala sioni haya kusema. Sasa watafutie majina wale wenzake."