Wimbo Uliosafishwa

Hivi wewe, wimbo unaweza kuwa uleule na bado ukakosa kitu? Hapa Mlandege nimeusikiliza mara sita kwenye simu ya mjukuu wangu Goodness, na sijaelewa. Ni wimbo wa kwaya yetu ya akina mama. Marehemu mume wangu aliurekodi mwenyewe kwenye kaseti, amekaa benchi la mbele kanisani na redio mapajani. Ubeti wa pili ukiisha, anakohoa. Ndiyo sauti yake pekee niliyobaki nayo.

Goodness aliipeleka kaseti Mbeya, kwa fundi wa Mwanjelwa, aiingize kwenye simu. Sasa ubeti wa pili ukiisha, kimya.

"Bibi, mbona unaigeuzageuza simu?"

"Natafuta upande wa pili."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Simu haina upande wa pili, Bibi! Halafu fundi kausafisha, makelele yote katoa. Hujapenda?"

"Nimependa," nikasema.

Nikausikiliza mara ya saba. Kisha nikamshika mkono.

"Goodness, rudi kwa huyo fundi. Mwambie nataka kikohozi cha babu yako."