Rimoti Iliyofutwa

Akwii alikuwa na pua kali mno kwa kazi yake. Fundi wa alamu za magari hushinda kichwa kikiwa chini ya dashibodi na miguu nje, na humo chini ndimo watu huacha uchafu wao wote: maganda ya karanga, soksi za mtoto, muhogo wa mwaka juzi. Alishazoea kutema mate kabla ya kuingia na kutema tena akitoka. Lakini ile Probox iliyoingia kwenye kibanda chake pale Busia Jumatatu asubuhi ilimrudisha nyuma kabla hata hajainama.

"Boss, umebeba nini humu?"

"Ni nyama tu kidogo, mama. Tumetoka matanga."

Nyama yenyewe ilikuwa ya ng'ombe aliyechinjwa Jumamosi. Ilikuwa imefungwa kwa gazeti lililolowa mafuta na kusukumwa chini ya kiti cha abiria, na nzi walikuwa wameshaijua njia. Mwanamume aliyeshuka akafungua gazeti, akachagua mfupa, akaanza kuguguna amesimama, mdomo wazi. Akwii alitazama kando. Kuna watu ukiwaona wakila unashiba wiki nzima.

Mwanamume huyo alijitambulisha kwa jina la Dancun, wa Busibwabo. Kifuani alining'iniza kitambulisho cha wakala wa kuondoa mizigo forodhani. Hilo halikumbabaisha Akwii, maana hapo mpakani hata asiye na kazi hakosi kitambulisho cha kuning'iniza. Kilichomkera ni viatu. Vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa juu, lakini kwenye soli kulikuwa na udongo mwekundu ulioganda, udongo wa kaburi, na mwenyewe hajajali hata kuupangusa.

"Nataka ufute rimoti zote za zamani, uniwekee hizi mbili mpya," Dancun alisema. "Kuna moja ilipotea. Sitaki mtu aokote aibe gari."

Hilo lilikuwa neno la maana, na Akwii alimsifu moyoni licha ya mfupa. Wateja wengi hupoteza rimoti na kukaa kimya mpaka siku gari linapoondoka lenyewe. Alitema mate, akavuta pumzi ndefu ya hewa ya nje, akaingia chini ya usukani.

Hakuhangaika kutafuta kile kitufe kilichofichwa ambacho bila hicho alamu haikubali kufundishwa kitu. Waya zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, na hapa Busia ni yeye tu aliyefunga hivyo, kwa sababu utepe wa dukani huyeyuka kwa joto na kunata kama uji. Kazi yake mwenyewe. Hakushangaa, kwa kuwa stika yenye jina na namba yake ilikuwa bado kwenye kioo cha nyuma, na bila shaka ndiyo iliyomleta mteja. Akafungua na kufunga swichi ya gari, akaweka kidole gumba juu ya kitufe, akakandamiza mpaka king'ora kikalia mlio mmoja mrefu. Hapo kila rimoti ambayo gari hilo liliwahi kuitambua ikawa mgeni kwalo.

"Bonyeza ya kwanza, boss. Haya, na ya pili."

King'ora kikaitikia kwa mlio mfupi kila mara. Kazi ikaisha, zikabaki waya za kufungwa tu.

Hapo ndipo simu ya Dancun ilipolia. Aliipokea akiwa amesimama mlangoni, soli yake yenye udongo karibu na uso wa Akwii. Alishasoma jina kwenye stika akaona fundi ni Mteso, basi akazungumza Kikhayo, lugha ya kwao, kwa nafasi yake, kwa sauti ya mtu aliye peke yake chooni. Hakujua kwamba kabla ya kushika bisibisi Akwii aliuza nyanya soko la Matayos miaka mingi, akapatana bei kwa Kikhayo na kutukanwa kwa Kikhayo mpaka akakizoea kama chumvi.

Alimwambia mtu wa upande wa pili kwamba kazi imekwisha. Nanjala sasa abonyeze kile kitu chake mpaka kidole kichubuke, gari halitamwitikia. Tena kutoka nyumbani hawezi, nywele zake zitanyolewa kesho, na kufikia kesho gari litakuwa limeshavuka Malaba. Mnunuzi alikuwa anasubiri huko na pesa taslimu. Alisema mjane anahitaji jembe, gari la nini? Akacheka, na kipande cha nyama kikamtoka mdomoni kikaangukia mkono wa Akwii.

Akwii alikiangalia. Kilikuwa cheupe, kimetafunwa nusu, kina unyevu. Akakipangusa kwenye zulia la gari, na hapo akakumbuka Nanjala ni nani.

Nanjala wa mayai. Alikuwa akinunua trei za mayai kwa wafanyabiashara wa Uganda hapo mpakani na kuzisambaza kwa mahoteli na mashule mpaka Bumala na Butula. Siku gari hili lilipofungwa alamu lilinuka kuku, na ile ilikuwa harufu ya kazi, haikumuudhi mtu. Alikuja na mumewe, Lazarus, mtu mpole mwenye meno yaliyoachana. Akwii alipomnyooshea mume rimoti, alikataa. "Mpe huyo kwanza," alisema. "Mwenye gari ni yeye. Mimi ni wa kubeba trei." Halafu alipopewa yake akaichezea kama mtoto, akabonyeza na kubonyeza mpaka madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni wakampigia kelele.

Kumbe ndiye waliyemzika Jumamosi. Na huyu mla mifupa ni ndugu yake.

Akwii alichomoa rilei ya stata, kile kidude ambacho bila hicho gari haliwaki, akaitia mfukoni mwa aproni, akatoka nje taratibu.

"Boss, kuna waya haijakaa vizuri. Nipatie nusu saa."

"Harakisha, mama. Kuna mtu ananingoja."

Alizunguka nyuma ya kibanda, akatafuta kwenye simu jina aliloliandika Nanjala Mayai.

"Pole kwa msiba, dada. Ni Akwii, yule fundi wa alamu wa Busia. Gari yako iko hapa kwangu."

"Dancun alisema anarudisha viti vya kanisa," sauti ya upande wa pili ilijibu, imekauka kwa kulia.

"Anaipeleka Malaba kuuza. Na rimoti yako haifanyi kazi tena. Nimeifuta mimi mwenyewe. Sikujua."

"Sijanyolewa," Nanjala alisema. "Mashangazi wako hapa mlangoni. Nikitoka..."

Simu ikakatika.

Basi Akwii akarudi kukaa chini ya dashibodi akifungua na kufunga waya zile zile, huku nzi wakimtembea usoni, asijue kama amefanya jambo au amepoteza muda. Dancun alimaliza mfupa, akalamba vidole kimoja kimoja, akajipangusa kwenye kiti. Simu ya mnunuzi ikaita, ikaita tena. Alizungusha ufunguo, gari likakaa kimya. Akaanza kulalamika kwamba angejua angeenda kwa fundi mwanamume, tena hapo stendi wako wengi.

Alikuwa bado anaropoka pikipiki ya bodaboda ilipoingia uwanjani.

Nanjala alishuka peku. Alivaa koti la mumewe juu ya leso, na nywele zake zilikuwa zimesimama, hazijaguswa kitana, zina vumbi la siku zote za kilio. Watu waliokuwa wakinywa chai kando ya kibanda wakasogea. Mwenye pikipiki mwenyewe alisimama mbali na pikipiki yake. Katika maboma ya huko kwao, mjane asiyenyolewa havuki lango, na pale alipokaa yeye, ndugu wa marehemu hakai, kwa kuogopa kwamba kifo kitamganda na yeye. Hiyo ndiyo kufuli aliyoitegemea Dancun tangu Jumamosi. Ya king'ora ilikuwa nyongeza tu.

Nanjala aliinua rimoti yake, akabonyeza. Gari halikuitikia. Akabonyeza tena, akiisogeza karibu kama mtu anayemwita kiziwi. Akwii aliangalia chini.

"Mulamwa, rudi nyumbani," Dancun alimwambia shemeji yake kwa upole wa kujifanya. "Unatuletea mkosi. Hii gari ni ya ukoo."

"Ukoo ulibeba trei ngapi?"

"Usinijibu hivyo mbele ya watu! Hata nywele hujatoa!"

Nanjala alitembea mpaka kwenye mlango uliokuwa wazi, na Dancun, alipotambua anachotaka kufanya, akaruka mbele na mkono umenyooshwa amzuie. Mkono ukafika katikati ukarudi wenyewe. Asingeweza kumgusa.

"Toka! Toka kwa hiyo siti!"

Alishakaa. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akaupapasa wote, akapapasa gia na swichi za vioo. Akaegemeza kichwa nyuma, akakisugua kwenye kitambaa cha kiti polepole, upande huu na upande ule. Kisha akainuka, akaenda kukalia kiti cha abiria, akafungua mlango wa nyuma akalala humo kabisa na koti la marehemu. Hakukuwa na haraka yoyote kwake. Alipomaliza akarudi nyuma ya usukani, na ndani ya gari lile hakikubaki kiti ambacho Dancun angeweza kukikalia.

Jasho lilimtoka mwanamume yule. Aliwatazama wanywaji chai, na wale wa kwao wakageukia vikombe vyao. Ndipo akamsogelea Akwii, karibu sana, akanong'ona na harufu ya nyama ya Jumamosi ikamwingia Akwii puani yote.

"Mama, wewe ni Mteso. Haya maneno ya kwetu hayakuhusu. Mtoe huyu, uniendeshee mpaka hapo Malaba tu. Nitakutoa vizuri."

Akwii alikuwa na hasira tangu ile simu, lakini sasa hasira ilikwisha, akabaki na kinyaa kitupu. Mtu huyu aliiogopa mila kiasi cha kutetemeka, na bado alikuwa tayari kuivunja kwa mikono ya mwingine.

"Boss," alisema, na hakunong'ona, "mimi hushika grisi, mavi ya kuku na matapishi ya walevi. Naosha, inatoka. Yako haitoki."

Akampita. Alipiga magoti mlangoni, akaomba rimoti ya Nanjala, akarudisha rilei mahali pake. Ufunguo ulikuwa bado umening'inia kwenye swichi pale alipouacha Dancun. Akafungua na kufunga, akaweka kidole gumba kwenye kitufe, king'ora kikalia ule mlio mrefu.

"Bonyeza, dada."

Nanjala alibonyeza. Kikaitikia.

Uso wake ukabadilika. Lazarus alikuwa na tabia ya kubonyeza rimoti akifika langoni, hata kama lango liko wazi, ili mkewe ajue amefika na atoe sufuria motoni. Tangu Jumamosi Nanjala alikuwa amelia kwa sauti, jinsi mashangazi walivyotaka, wakimhesabia pumzi. Sasa machozi yalimtoka bila sauti yoyote, yakamshukia mpaka kwenye kola ya koti.

Akwii alingoja. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Ni wewe kweli ulinifungia nje?" Nanjala aliuliza baadaye.

"Ni mimi."

"Ulimuuliza gari ni ya nani?"

"Sikuuliza."

Nanjala alimtazama, akatikisa kichwa kidogo. Hakumtukana, wala hakumsamehe. Akainama chini ya kiti cha abiria, akatoa furushi la gazeti na nzi wake, akalitupa dirishani likaanguka juu ya viatu vilivyong'arishwa.

"Mulamwa, umesahau chakula chako."

"Utarudi wapi?" Dancun alifoka. "Watakukataa! Utanyolewa na nani?"

"Wasiponinyoa nitajinyoa. Mayai yanauzwa hata ukiwa na nywele."

Gari likawaka. Wanywaji chai wakainuka kulipisha, likapinda kuelekea barabara ya Matayos, na stika ya Akwii ikaenda nalo kiooni.

Dancun alibaki amesimama juu ya mifupa. Akabonyeza rimoti moja, akabonyeza na ile nyingine, huku gari lenyewe limeshapotea. Akapiga mluzi kuita bodaboda. Aliyekuwepo karibu ni yule yule mmoja, na Dancun akaiangalia siti ya ile pikipiki, akakumbuka ni nani aliyekuwa ameikalia. Akaanza kutembea kando ya foleni ya malori. Simu ya mnunuzi ilikuwa ikiita mfukoni na hakuipokea.

Akwii alitema mate. Kisha akachukua karai, Omo na mafuta ya taa, akaosha mikono mpaka viwikoni. Alinusa. Akamwaga maji yale, akachota mengine, akarudia kuosha kile kidole gumba cha kitufe peke yake.