Unamtegemea Nani?

Mdomo wangu hauna breki. Mama alinionya tangu utotoni. Kuhusu kalamu hakunionya.

Tulikuwa na wiki mbili tu ugenini. Mume wangu ni fundi wa lifti, kampuni ndiyo iliyomwita. Mimi nilifuata kwa kuwa ni mkewe. Cherehani niliiuza, wateja nikawaaga, nikawa mtu wa kukaa dirishani kutazama magari ya watu. Siku hiyo tulikwenda ofisi ya bima ya afya, ghorofa ya nne, ili na mimi nipate kadi ya matibabu. Lifti yao ilipokuwa ikipanda, mume wangu alitega sikio, akaguna.

"Waya zinalia hizi. Watu hawasikii tu."

Fomu ilikuwa ya Kiswahili. Waliitafsiri wenyewe, Mungu awasamehe. Jina, umri, kazi. Kwenye kazi niliandika sina, na moyo uliniuma, maana miaka kumi na sita nimeshona sare za nusu ya mji. Swali la kumi na moja: Unamtegemea nani?

Jamani! Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima? Mume wangu alikuwa chumba cha pili akipigwa picha. Nikaandika kwa herufi kubwa, MUNGU PEKE YAKE, na mstari nikapiga chini.

Karani, mama mpole mwenye miwani ya kamba, alilitafuta jina hilo kwenye kompyuta yake. Hakulipata. Akagonga muhuri.

Barua ya majibu ilifika wiki ya sita. Kufikia hapo nilikuwa nimeshapapasa uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo, kama punje ya harage. Daktari wa zahanati ya mtaani alinipima mara moja tu, akasema huo usiachwe ukakaa. "Ni wiki, mama, si miezi. Lete kadi nikupeleke hospitali kubwa." Bila kadi tungelipia upasuaji wenyewe, na hata tungeuza figo zetu zote nne zisingetosha.

Mume wangu alifungua barua jikoni, akasoma kwa sauti. "Mwombaji hana ajira na hamtegemei mwenza wake. Hastahili." Akanitazama. "Mke wangu, uliandika nini?"

Nilipomwambia, alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaisoma tena barua, kicheko kikakatika.

"Si mimi ninayekulisha?"

"Kunilisha unanilisha. Kukutegemea ni jambo lingine."

Lilinitoka hivyohivyo. Nilimwona ameumia, na sikumwomba radhi.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," akasema polepole. "Ungeandika tu jina langu."

"Nundu ninayo mimi," nikamjibu, na hapo ndipo nilipolia.

Tulirudi ghorofa ya nne na mkalimani. Karani alipoelezwa neno lile linavyobeba maana mbili, alivua miwani akafuta macho. Lakini tamko la mwombaji karani hawezi kulifuta. Ni rufaa, miezi mitano.

"Kwani nimeua mtu?" nikauliza. Mkalimani alianza kukusanya karatasi zake. "Mwambie na hilo!" Hakumwambia.

Kurudi nyumbani? Pasipoti yangu ilikuwa ndani ya faili lilelile. Nikangoja. Mume wangu alikuwa akitoka kazini ananiuliza, "Leo je?" nami namwambia, "Leo salama," huku harage limekuwa ndimu. Kila Jumatatu alipiga simu ofisini, na kila Jumatatu walimwambia faili liko mezani. Meza gani hiyo isiyo na mtu!

Kadi ikaja mwezi wa tano ukiisha. Nzuri, inang'aa, picha yangu nimekunja uso. Chini yake: Mtegemezi wa, halafu jina la mume wangu, majina yake yote matatu.

Hospitali kubwa ilinipokea siku hiyohiyo, kadi ilifungua kila mlango. Daktari alizitazama picha za vipimo vyangu kwa muda mrefu, kisha akaizima kompyuta.

"Saratani imeshafika kwenye ini. Mngekuja mapema ningekata. Sasa hakuna cha kukata." Akairudisha kadi mezani kwa mikono miwili. "Hii itawapa dawa za maumivu. Zote, bila malipo."

Tulishuka kwa lifti, sisi wawili tu. Waya zilikuwa zikilia hata mimi nikazisikia. Mume wangu hakutega sikio. Alikuwa ameishika ile kadi, analisoma jina lake.

"Mke wangu," akasema, "sasa tumtegemee nani?"

Jibu nilikuwa nalo, lilelile la siku ile. Nilifungua mdomo wangu huu usio na breki, na halikutoka.